Bomba la sindano au kalamu: kuchagua kifaa cha kumchoma insulini paka mwenye kisukari

Kijivu, paka wetu dume mwenye umri wa miaka 11, alianza kumaliza bakuli la maji mara mbili kwa siku katika joto la Januari, na kwa kuwa Januari ya mji wetu wa Moshi hukausha koo la kila kiumbe, tulichelewa kushtuka. Tulishtuka tulipoona anakula kuliko zamani huku mifupa ya mgongo wake ikihesabika kwa vidole, na anapotembea analaza kisigino chote cha miguu ya nyuma chini badala ya kukanyagia vidole. Daktari wa mifugo alimpima sukari katika damu na katika mkojo, akatuambia kwamba ni kisukari na kwamba atahitaji insulini asubuhi na jioni, kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitarajia: mtatumia bomba la sindano na kichupa, au mtatumia kalamu?

Kalamu hiyo ni kifaa chenye umbo la kalamu ya kuandikia, chenye insulini ndani yake. Siku ile hatukuwa na jibu. Sasa ninalo, kwa sababu nimetumia vyote viwili. Kijivu tunamchoma kwa bomba hapa nyumbani Rau, na shangazi yangu anayeishi Njiro, Arusha, aliposafiri kwa wiki tatu, nilikwenda kukaa kwake ili nimhudumie paka wake, ambaye naye ana kisukari na huchomwa kwa kalamu. Ulinganisho huu unamlenga mtu ambaye hajawahi kushika sindano maishani mwake. Aina ya insulini na kiasi chake ni uamuzi wa daktari wa mifugo peke yake. Kinachobaki mikononi mwa mwenye paka ni kifaa cha kuifikisha chini ya ngozi, na hicho ndicho ninachokizungumzia.

Natangulia kusema nilikofikia. Kwa paka ambaye dozi yake bado inatafutwa, ninashauri muanze na bomba dogo la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti, yuniti ikiwa ndicho kipimo cha insulini. Kwa paka ambaye dozi yake imetulia kwenye namba kamili, au kwa nyumba ambayo mchomaji ana macho hafifu au vidole vinavyotetemeka, kalamu inastahili gharama yake.

Udogo wa dozi

Paka wengi wa nyumbani wana uzito wa kilo 4 hadi 5, na madaktari kwa kawaida huwaanzishia yuniti 1 kila baada ya saa 12, pengine 2. Mtu mzima mwenye kisukari anaweza kujichoma yuniti 20 au 30 kwa mara moja, na vifaa vilivyojaa katika maduka ya dawa vimetengenezwa kwa ajili yake. Yuniti moja ikizidi kwa mtu huyo, huenda asihisi tofauti kubwa. Ikizidi kwa paka anayepewa yuniti 1, amepewa dozi maradufu. Katika insulini ya binadamu yenye nguvu ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti 1 ni sehemu ya mia ya mililita, yaani takribani sehemu ya tano ya tone moja la maji. Mtu akishakielewa kipimo hiki, tofauti nyingine zote kati ya bomba na kalamu zinakaa mahali pake.

Mabomba ya insulini hayalingani, hata yanapofanana kwa rangi na kwa pakiti. Bomba la mililita 1 mara nyingi huwa na mistari ambayo kila mmoja ni yuniti 2. La mililita 0.5 kila mstari wake ni yuniti 1. La mililita 0.3 hupatikana kwa aina mbili, lenye mistari ya yuniti moja moja na lenye mistari ya nusu nusu, na hili la mwisho ndilo linalomfaa paka. Katika wiki ya pili ya matibabu ya Kijivu, duka moja la dawa lilinipa mabomba ya mililita 1 kwa sababu yale madogo yalikuwa yamekwisha, nami nikayachukua bila kuyachunguza. Jioni nilivuta hadi mstari wa pili, nikiamini nina yuniti 2 alizoandikiwa. Kilichonizuia ni kwamba insulini ndani ya bomba ilionekana nyingi kuliko nilivyozoea. Niliisogeza kwenye taa, nikahesabu mistari kuanzia sifuri hadi 10, nikakuta ni mitano. Nilikuwa nimeshika yuniti 4. Tangu hapo sinunui pakiti kabla ya kutoa bomba moja na kuhesabu mistari iliyopo kati ya namba mbili, na ninamwomba kila msomaji afanye hivyo mbele ya muuzaji bila aibu.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Insulini mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, Caninsulin inayotokana na nguruwe na ile ya zinki na protamini iitwayo ProZinc, zina nguvu ya yuniti 40 kwa mililita, wakati insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100. Kila nguvu ina bomba lake: bomba la U-40 kwa kawaida lina kifuniko chekundu, na la U-100 lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Mtu akivuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la U-40, atampa paka mara mbili na nusu ya alichokusudia, na kosa hilo linaweza kumuua. Akifanya kinyume chake, paka atapata chini ya nusu ya dozi na sukari haitashuka. Katika miji yetu, ambako mabomba yanayopatikana kwa urahisi ni ya U-100, mtu aliyeletewa Caninsulin kutoka Nairobi hushawishika kutumia bomba lililopo na kupiga hesabu ya kuzidisha kwa 2.5. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini saa 12 asubuhi, mtu akiwa na usingizi na paka akilia miguuni, hesabu sahihi hukosewa. Ni salama zaidi kuagiza mabomba yake pamoja na dawa.

Kalamu inaondoa hatari hii yote kwa kuwa katriji yake, yaani kichupa chembamba cha dawa kilicho ndani yake, ina nguvu moja inayolingana na kifaa, na mtumiaji anazungusha kitufe hadi namba itokee kwenye kidirisha. Hapa sina budi kuitendea haki: katika dozi ndogo kama hizi, kalamu hurudia kipimo kilekile kwa uthabiti kuliko jicho la mtu linalosoma mstari, na watu wanaovuta yuniti 1 kwa bomba hukosea zaidi kuliko wanavyodhani. Udhaifu wake uko kwenye hatua za kipimo. Kalamu nyingi za binadamu, ikiwamo SoloStar ya Lantus, ambayo ni insulini aina ya glajini, hupanda kwa yuniti 1 kamili. Daktari akisema, "Tumpandishe kutoka 1 hadi 1.5," kalamu ya namna hiyo haina pa kusimama, na wiki za mwanzo za matibabu ya paka zimejaa maagizo ya aina hiyo. Zipo kalamu zinazopanda kwa nusu: NovoPen Echo, iliyobuniwa kwa watoto wenye kisukari, inayotumia katriji za mtengenezaji wake; na VetPen ya yuniti 8 inayotumia katriji za Caninsulin. Ile VetPen kubwa ya yuniti 16 hupanda kwa yuniti moja moja, kwa hiyo anayeagiza asiseme tu "VetPen", ataje na ukubwa.

Shangazi alitumia bomba kwa miezi minne ya kwanza. Alihamia kwenye kalamu baada ya dozi ya paka wake kutulia kwenye yuniti 2, na nadhani mfuatano huo ndio uliomfanya aipende.

Mkono unavyojifunza

Watu husema kalamu ni rahisi kujifunza. Ni kweli kwa nusu ya kwanza ya kazi, yaani kupima dozi. Katika nusu ya pili, yaani kumchoma paka mwenyewe, niliona bomba ni rahisi zaidi, na sababu yake ni muda.

Kwa bomba, mchomaji hubingirisha kichupa polepole kati ya viganja ikiwa insulini ni ya rangi ya maziwa kama isofani, ili iliyotuama ichanganyike; Caninsulin maelekezo yake ni kuitikisa hadi iwe sare; na glajini, ambayo ni angavu kama maji, haihitaji kuchanganywa kabisa, na ikionekana na ukungu inatupwa. Kisha huvuta hewa kiasi cha dozi, huisukuma ndani ya kichupa, hugeuza kichupa juu chini, huvuta insulini kupita kidogo mstari unaotakiwa, hugonga bomba kwa ukucha ili viputo vya hewa vipande, huvisukuma virudi kichupani, na kusimama kwenye mstari. Maelezo yake yanachosha kuliko kazi yenyewe; baada ya siku kumi mikono yangu ilikuwa inaifanya ndani ya nusu dakika. Viputo vya hewa havimdhuru paka chini ya ngozi, ila vinachukua nafasi ya dawa, na katika dozi ya yuniti 1 kiputo kimoja kinaweza kula nusu yake.

Baada ya hapo sindano inaingia, kisukumio kinashuka, sindano inatoka. Haizidi sekunde mbili.

Kalamu ina utaratibu wake. Sindano mpya hufungwa kila mara, kwa sababu ikiachwa kwenye kalamu hewa huingia na dawa huvuja. Halafu hufanywa jaribio la usalama: unapima yuniti 2, unaelekeza sindano juu, unabonyeza, unasubiri kuona tone kwenye ncha. Ndipo unapima dozi ya paka. Unapochoma na kubonyeza hadi mwisho, namba inarudi sifuri, lakini huruhusiwi kutoa sindano. Kwa SoloStar unasubiri sekunde 10, kwa sababu dawa inaendelea kutoka polepole kupitia tundu jembamba. Sekunde 10 si kitu kwa binadamu anayejichoma tumboni. Kwa paka aliyemaliza chakula na kuamua kuondoka, ni muda mrefu, na mara mbili kati ya siku zangu za kwanza kule Njiro nilibaki na kalamu inayodondosha huku paka akiwa chini ya kochi. Nilipata mafanikio nilipobadilisha mpangilio: chakula kwanza kidogo, sindano katikati ya mlo, na kilichobaki kwenye sahani kikawa kinamshikilia.

Urefu wa sindano nao unahitaji kuangaliwa. Sindano za kalamu za milimita 4 zimetengenezwa ili ziingie wima kwenye ngozi ya binadamu isiyo na manyoya. Kwa paka mwenye manyoya mazito zinaweza kuishia juu juu, na ukiyagusa manyoya baada ya kuchoma unakuta yamelowa. Za milimita 8 hunipa uhakika zaidi, na mabomba mengi ya mililita 0.3 yana urefu huo tayari.

Mahali pa kuchoma hapatofautiani kwa kifaa. Wengi hufundishwa kuinua ngozi ya kikosi kwa kuwa ndipo mama paka anapowashikia wanawe, lakini daktari wetu alitushauri mbavuni na ubavuni, kwa sababu pale kikosini ngozi ni nene na damu haipiti kwa wingi, na dawa hunyonywa kwa kusuasua. Unainua ngozi kwa vidole viwili ikawa kama kihema, unaingiza ncha kwenye mlango wa kihema, upande uliochongwa ukitazama juu, na unahakikisha haikutokeza upande wa pili. Leo ubavu wa kulia, kesho wa kushoto. Kama una shaka iwapo dawa yote imeingia, usirudie; subiri zamu inayofuata. Kurudia dozi ambayo kumbe iliingia kuna hatari kubwa kuliko kukosa dozi moja.

Kuhusu mazoezi, watu wengi hupewa chungwa. Kwa maoni yangu chungwa linafundisha mkono vibaya, kwa kuwa linamzoesha mtu kusukuma kwa nguvu kwenye ganda gumu, jambo ambalo paka hatakusamehe. Taulo laini lililokunjwa mara mbili, ukaliinua kwa vidole kama ngozi, linafanana zaidi na kazi yenyewe. Vuta maji safi kwa bomba, choma, sukuma, angalia kama taulo limelowa pale ulipokusudia au upande wa pili. Bomba la mazoezi litupwe. Lisiingie kwenye kichupa cha dawa. Hapa bomba lina ubora wa wazi juu ya kalamu, kwa sababu bomba moja la bei nafuu linatosha kukufundisha jioni nzima, wakati mazoezi ya kalamu yanakula dawa iliyo ndani ya katriji.

Friji, joto na dawa inayotupwa

Gharama ndiyo inayowafanya wengi wachague bomba kabla ya kufikiri jambo jingine, nami nilikuwa mmoja wao. Kichupa cha mililita 10 cha insulini ya binadamu kina yuniti 1,000. Ukilinganisha bei ya yuniti moja moja, kichupa kinashinda. Lakini insulini nyingi zikishafunguliwa hupewa siku 28 za matumizi, na paka anayechomwa yuniti 1 mara mbili kwa siku hutumia yuniti 56 tu katika siku hizo. Zinazobaki 944 zinatakiwa kutupwa. Kalamu ya mililita 3 ina yuniti 300. Paka huyohuyo, pamoja na yuniti 2 za jaribio kila mara, hutumia 168 kwa siku 28, na zinazotupwa ni 132. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni bei ya kitakachodumu mwezi mmoja, na kama anakubali kuuza kalamu moja badala ya boksi zima la kalamu tano. Akikubali, kalamu inaweza isiwe ghali kama inavyotajwa. Caninsulin nayo hupatikana kwa vichupa vidogo vya mililita 2.5, ambavyo kwa paka mmoja vina maana zaidi kuliko vile vya 10. Wapo madaktari wanaoruhusu baadhi ya insulini zitumike zaidi ya siku 28 zikiwa zimetunzwa kwenye friji muda wote, lakini ruhusa hiyo itoke kwa daktari anayemfahamu paka wako na friji yako.

Nimetaja friji kwa makusudi. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja imeharibika ingawa kwa macho haibadiliki. Kichupa au kalamu inayotumika inaweza kuvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30, au 25 kwa baadhi ya aina. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chumba chenye kivuli hukaa chini ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Moshi iko chini ya mita 1,000, na mchana wa Februari nyumba ya bati hupita nyuzi 30 bila shida. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwafunguliwa hutunza baridi kwa saa kadhaa. Ukikatika kwa muda mrefu, mimi hutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, vikitenganishwa na mchanga uliolowa, na kitambaa cha maji juu. Kalamu ina nafuu hapa kwa sababu ni kavu na imara, wakati kichupa cha kioo kilishaniponyoka mara moja kwenye vigae vya jikoni na mwezi mzima wa dawa ukaishia kwenye tambara la kudekia. Safarini pia kalamu inashinda. Katika kilomita 80 hivi za Moshi hadi Arusha, nikiwa kwenye kosta iliyojaa, niliibeba kalamu ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya baridi na kukaushwa, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, bila barafu kuigusa.

Kuna njia ya tatu inayotumiwa na baadhi ya wenye paka kwa ushauri wa madaktari wao: kuichukulia kalamu kama kichupa kidogo, na kuvuta dawa kutoka kwenye mpira wa katriji kwa bomba la U-100 la nusu yuniti. Inaunganisha dawa chache inayotupwa na kipimo cha nusu. Ina masharti mawili. Kalamu iliyokwisha kuvutwa kwa bomba isitumike tena kama kalamu, kwa kuwa hewa imeingia na kipimo chake hakiaminiki. Na isifanywe kamwe kwa kalamu ya glajini yenye yuniti 300 kwa mililita, iitwayo Toujeo, kwa sababu mstari uleule wa bomba utabeba dawa mara tatu.

Nani atakayechoma

Shangazi ana miaka 67 na macho yake yana mtoto wa jicho linaloanza. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi kwenye bomba ambalo ni nafuu, alinijibu, "Mwanangu, vile vimistari mimi sivioni hata mchana. Hii kalamu naisikia inavyolia, tik, tik, halafu naiangalia namba yake kubwa." Daktari wake alimkataza kutegemea mlio peke yake, lazima asome kidirisha, na usiku husoma kwa kioo cha kukuzia. Kwa mtu wa hali yake, faida ya kalamu inazidi kila hesabu niliyoandika hapo juu. Vivyo hivyo kwa mwenye baridi yabisi ya vidole, ingawa huyo ajaribu kwanza kubonyeza kitufe cha kalamu, maana kalamu nyingine zinahitaji kidole gumba chenye nguvu na kinachofika mbali.

Nyumba nyingi zina mzee anayetumia insulini yake mwenyewe, na wazo la kumchoma paka kwa kalamu ya mama huja haraka. Lisifuatwe. Kalamu ni ya mwili mmoja hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu huweza kurudi ndani ya katriji. Na kalamu iliyoachwa kwenye yuniti 24 za mama, ikashikwa na mtu mwenye haraka, itamwua paka. Ya paka iwekewe utepe wa rangi na ikae rafu tofauti. Isitoshe, insulini ya mama inaweza kuwa isiyomfaa paka. Mwili wa paka huitumia insulini upesi, na isofani, ambayo ni ya kawaida katika hospitali zetu, kwa paka wengi huisha nguvu kabla ya saa 12 kutimia. Glajini na ile ya zinki na protamini hudumu zaidi.

Wapo watakaouliza kama hakuna dawa ya kumeza. Marekani iliidhinisha kidonge cha paka kiitwacho Bexacat mnamo Desemba 2022 na dawa ya maji iitwayo Senvelgo mwaka 2023, lakini Bexacat imekusudiwa paka ambaye hajawahi kutibiwa kwa insulini, na dawa hizi zote mbili zinahitaji uangalizi wa karibu kwa sababu zinaweza kuleta sumu ya ketoni katika damu hata sukari ikionekana nzuri. Kwa Kijivu, aliyekwisha kuanza sindano, mlango huo haukuwa wake.

Kifaa chochote utakachochagua, jikoni iwe na asali. Paka aliyepewa insulini kuliko anavyohitaji, au aliyechomwa bila kula, hulegea, huyumba kama mlevi, hutetemeka, na mwisho hupata degedege. Mpake asali kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie kooni, kisha mpeleke kwa daktari hata akionekana amepata nafuu. Ndiyo maana tunamchoma baada ya kumwona anakula. Akikataa chakula, tunampigia daktari kabla ya kugusa bomba. Na chakula chenyewe tulikibadilisha: Kijivu alilelewa kwa ugali uliochanganywa na dagaa, sasa anapewa dagaa waliolowekwa kutoa chumvi, nyama na samaki, bila ugali, kwa maelekezo ya daktari aliyetuonya kwamba kuondoa wanga kunaweza kupunguza hitaji la insulini, kwa hiyo badiliko hilo lifanyike polepole na sukari ikipimwa. Wapo paka ambao, wakidhibitiwa mapema, huacha kabisa kuhitaji sindano. Tunalitumaini hilo, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka kifaa kinachoweza kushuka kwa nusu yuniti.

Mabomba na sindano zilizotumika, za kalamu au za kawaida, tunaziweka kwenye chupa ngumu ya sabuni yenye kifuniko cha kuzungusha, na ikijaa tunaipeleka kituo cha afya kwa makubaliano. Kamwe hazitupwi kwenye taka za mtaani ambako watoto huchokora.

Kijivu sasa yuko yuniti 1.5 kila saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kwa bomba la mililita 0.3. Anachomwa na mimi au na mdogo wangu, na kwa kuwa bomba likishatupwa haliachi alama yoyote kwamba kazi imefanyika, tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji ambapo kila anayechoma anaandika tarehe, saa, dozi na herufi ya kwanza ya jina lake kabla ya kunawa mikono. Siku mtu akikuta nafasi iko wazi na mwenzake hapatikani kwa simu, paka hachomwi hadi zamu inayofuata.